Kipimo Kabla ya Spea: Namna ya Kupima Ukweli wa Fundi wa Magari

Katika biashara nyingi mnunuzi huja na shida anayoijua mwenyewe na muuzaji huijibu shida hiyo, lakini katika matengenezo ya magari mambo huenda kinyume, kwa kuwa fundi ndiye anayemweleza mteja kilichoharibika, ndiye anayemtajia bei ya kukitengeneza, na ndiye anayelipwa kwa kazi aliyoipendekeza mwenyewe. Mnunuzi wa mchele huziona punje kabla ya kulipa na ubora wake huujua siku hiyohiyo chunguni, ilhali mwenye gari aliyebadilishiwa pampu ya mafuta hana njia rahisi ya kujua, hata baada ya gari kuwaka na pesa kulipwa, kama pampu ya zamani ilikuwa imekufa kweli au kama waya uliolegea ulikazwa wakati wa kazi na pampu mpya ikauzwa bila sababu. Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni waliipa hali hii nafasi yake katika nadharia ya uchumi, walipoeleza kuwa zipo huduma ambazo ubora wake mnunuzi hawezi kuuthibitisha kwa gharama ndogo hata baada ya kuzitumia, na kwamba pale ambapo mtaalamu mmoja anapima na kutibu kwa pamoja, kishawishi cha kuuza kupita kiasi huzaliwa na mpangilio wenyewe wa biashara, hata kabla ya kuuliza tabia ya mtaalamu huyo.

Tatizo hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, ambako magari mengi ya watu binafsi hununuliwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na huwasili bandarini Dar es Salaam au Mombasa yakiwa na umri wa miaka kadhaa, bila kumbukumbu kamili za matengenezo na mara nyingi yakiwa na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa Kijapani. Magari hayo hutunzwa zaidi na gereji za mitaani, zinazopata vifaa kutoka maeneo ya maduka ya spea kama Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, na mafundi wake wengi wamejifunza kazi kwa kukaa chini ya mafundi waliowatangulia, ingawa wapo wenye vyeti vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, au waliopita majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya. Miongoni mwao wamo watu wenye ustadi mkubwa na heshima kwa kazi yao, na wamo pia wanaobahatisha na wanaodanganya, na kwa mteja asiyejua injini makundi haya yote huonekana sawa kwa sababu yote huvaa ovaroli moja na kuzungumza lugha moja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mteja hahitaji kuwa fundi ili kumpima fundi, kwa kuwa kauli ya kwamba kifaa fulani kimeharibika ni dai, na kila dai la namna hiyo lina kipimo kinachoweza kulithibitisha au kulikanusha. Fundi mkweli ni yule ambaye dai lake linaweza kuoneshwa, na swali moja, yaani ni kipimo gani kilichofanyika na kilionesha nini, lina nguvu kuliko kujua majina ya vifaa vyote vilivyomo ndani ya gari.

Uongo, kubahatisha na uzembe

Makosa ya gereji huja kwa sura tatu ambazo inafaa kuzitenganisha, kwa sababu kila moja ina dawa yake. Uongo ni pale fundi anapojua kuwa kifaa ni kizima naye akamwambia mteja kimekufa. Kubahatisha ni pale fundi asiyejua chanzo cha hitilafu anapobadilisha kifaa kimoja baada ya kingine akitumaini kwamba kimojawapo kitaondoa tatizo. Na uzembe ni pale hitilafu iliyo wazi inapoachwa bila kuonekana kwa sababu ukaguzi ulifanywa nusunusu. Mteja aliyeumia hudhani kwamba ameibiwa, lakini mara nyingi aliyemkuta ni mtu anayebahatisha kwa nia njema, ambaye hasara yake kwa mteja inaweza kuzidi hasara ya mwongo, kwa kuwa mwongo angalau anajua pa kuishia.

Tofauti hii imeoneshwa na utafiti. Mwaka 2012 mchumi Henry Schneider alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani, ambamo gari lililotayarishwa likiwa na kasoro zinazojulikana lilipelekwa katika gereji mbalimbali bila wahusika kuambiwa kuwa wanapimwa. Baadhi yao walipendekeza kazi isiyohitajika, lakini tatizo lililojitokeza kwa wingi zaidi lilikuwa la mafundi kutoziona kasoro zilizokuwepo, ikiwemo kasoro nyepesi ambazo ukaguzi wa makini ungezibaini. Funzo lake kwa mwenye gari ni kwamba kumtafuta mtu mwenye uso wa uaminifu hakutoshi, maana uaminifu usio na vipimo huishia katika kubahatisha, na kwamba swali linalomfichua mwongo ndilo hilohilo linalomfichua asiyejua.

Ngazi nne za utambuzi

Utambuzi wa hitilafu, ukifanywa ipasavyo, hupanda ngazi nne ambazo mteja yeyote anaweza kuzifuatilia. Ngazi ya kwanza ni dalili, yaani kile ambacho dereva amekiona, amekisikia au amekihisi, pamoja na wakati kinapotokea: injini ikiwa ya baridi au ya moto, gari likiwa mwendoni au limesimama, mvua ikinyesha au juani. Ngazi ya pili ni kipimo, yaani kazi inayofanywa kwa kifaa au kwa jicho ili kupata jibu linaloweza kurudiwa na fundi mwingine akapata jibu lilelile. Ngazi ya tatu ni chanzo, na ya nne ni tiba, ambayo ndiyo hubeba bei. Fundi anayeruka kutoka dalili hadi tiba, akisikia mlio na papo hapo kutaja kifaa cha kununua, anaweza kuwa sahihi kwa sababu ya uzoefu wa miaka mingi, lakini hata uzoefu huo unapaswa kumalizikia katika kipimo kabla pesa hazijatoka mfukoni mwa mteja.

Kwa sababu hiyo mteja naye ana wajibu wa kuleta dalili badala ya kuleta tiba. Anayefika gereji akisema kwamba anataka kubadilishiwa plagi amejipima mwenyewe na kumwondolea fundi jukumu, kiasi kwamba plagi zikibadilishwa na gari likaendelea kumisi, yaani silinda moja au zaidi ikaendelea kukosa kuwaka ipasavyo, hana wa kumlaumu. Anayesema kwamba gari linatetemeka likiwa limesimama na kutulia likikimbia amempa fundi mahali pa kuanzia na amejiachia haki ya kudai maelezo.

Vipimo vinavyojulikana

Mfano ulio rahisi kufuatilia ni wa gari linalokataa kuwaka asubuhi, kwa kuwa vifaa vinne hushukiwa, yaani betri, alteneta inayoichaji betri hiyo, stata inayozungusha injini, na nyaya zinazoviunganisha. Kipimo chake kinahitaji mita ndogo ya umeme inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonesha takriban volti 12.6, ile iliyoshuka hadi volti 12.0 imekaribia kuisha, na injini inapokuwa inanguruma mita hiyo hupaswa kwa kawaida kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.7, kwa sababu alteneta ndiyo inayosukuma umeme wakati huo. Mita isipopanda injini ikiwa imewaka, alteneta, mkanda wake au nyaya zake zinastahili kuchunguzwa. Ikipanda vizuri lakini betri ikawa tupu kila asubuhi, inawezekana betri imechoka au kuna kitu kinachovuta umeme usiku gari likiwa limezimwa, jambo ambalo nalo hupimwa, kwa kuwa katika magari mengi uvutaji huo haupaswi kuzidi takriban miliampia 50. Ipo desturi ya kupima alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama itazimika, na mteja akiiona ana sababu ya kuisimamisha kazi, kwa kuwa msukumo wa ghafla wa umeme unaozuka hapo unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya mita.

Gari linalochemsha, yaani lile ambalo joto la injini hupanda kupita kiasi, hutoa mfano mzito zaidi, kwa sababu ndilo ambalo wateja huambiwa haraka kwamba gasketi ya silinda hedi imekatika na injini ifunguliwe. Gasketi hiyo ni kizibo chembamba kinachokaa kati ya bloku ya injini na kichwa chake ili moto, maji na oili visichanganyike, na kweli hukatika, lakini kabla ya kufika huko kuna sababu nyingine zilizo rahisi zaidi: maji yaliyopungua kwa kuvuja, mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo, feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, na thamostati, ambayo ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto ili maji yapite, iliyokwama ikiwa imefungwa. Gasketi iliyokatika inaweza kuthibitishwa bila kufungua injini, kwa kutumia dawa ya rangi ya buluu ambayo hupitishiwa hewa inayotoka kwenye rejeta na kugeuka njano inapokutana na gesi ya moshi, au kwa kuujaza mfumo wa maji shinikizo na kutazama kama linashuka na maji yanaelekea wapi. Mteja anayeambiwa silinda hedi itolewe ana haki ya kuuliza ni kipi kati ya vipimo hivyo kimefanyika, na mteja anayeambiwa thamostati itolewe na kutupwa kwa sababu nchi hii ina joto ajue kwamba ushauri huo, ingawa umeenea, huifanya injini ichelewe kufikia joto lake la kazi, itumie mafuta zaidi na ichakae mapema, huku chanzo halisi cha tatizo kikiwa bado kimejificha.

Dai la kwamba injini imekufa na inahitaji kushushwa linastahili ushahidi kuliko madai yote, kwa kuwa gharama yake inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Kipimo chake cha msingi ni kile cha mgandamizo, ambapo plagi hutolewa, geji ya shinikizo hufungwa mahali pake na injini huzungushwa kwa stata. Injini nyingi za petroli zilizo nzima hutoa kati ya bar 10 na 14 katika kila silinda, na jambo lenye uzito zaidi ni kwamba silinda zisitofautiane sana. Silinda iliyo dhaifu hupewa oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni ndizo zinazoshukiwa, na usipopanda, macho huelekezwa kwenye vali au gasketi. Namba hizo nne za injini ya silinda nne huandikika kwenye kipande cha karatasi, na fundi aliyezipima hana sababu ya kuzificha.

Kuhusu breki, matairi na miguu ya gari, ushahidi huonekana kwa macho na hivyo hakuna udhuru wa kutouonesha. Breki pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12 na hushauriwa kubadilishwa zinapokaribia milimita 3. Diski nyingi za breki zimechorwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa hiyo mzozo wa kama diski inafaa humalizwa na kifaa cha kupimia unene. Tairi lina mwaka wa kutengenezwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na herufi DOT, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Bushi na boljointi zilizochoka huonekana gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na gurudumu likatikiswa, nayo shokapu iliyokufa mara nyingi huacha oili ikitiririka mwilini mwake. Fundi akimwita mteja chini ya gari amtikisie gurudumu mbele ya macho yake, anakuwa amejibu maswali mengi bila kuulizwa.

Mashine haisemi kifaa kilichokufa

Siku hizi wateja wengi huombwa walipie kupimwa gari kwa mashine, na karatasi inayotoka humo hupokewa kana kwamba ni hukumu. Mashine hiyo husoma misimbo ya hitilafu, yaani herufi na namba ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi inapoona kipimo kimetoka nje ya kiwango, kwa utaratibu ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za mwaka 1996 na ambao baadaye ulienea duniani. Msimbo hueleza kilichoonekana na haumtaji mkosaji: P0171, kwa mfano, husema kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa una petroli pungufu, na sababu zake zinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya mafuta iliyoziba au pampu ya mafuta iliyodhoofika, kwa hiyo fundi anayesoma msimbo huo na kuagiza pampu papo hapo ameruka ngazi ya kipimo huku akiwa ameshika mashine mkononi.

Msimbo mwingine wa P0420, unaohusu utendaji wa katalisti, yaani chombo cha kusafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, unahitaji uangalifu wa ziada. Sensa ya oksijeni iliyochoka au tundu dogo kwenye bomba linaweza kuuleta msimbo huo wakati katalisti ni nzima, na ndani ya katalisti mna madini ya thamani kubwa ya platinamu, paladiamu na rodiamu, jambo linalofanya katalisti ya zamani kuuzika kwa bei nzuri kama chuma chakavu. Mwenye gari anayeshauriwa kuitoa anapaswa kufahamu kwamba kifaa kinachotolewa ni mali yake na kina soko, na kwamba baada ya kazi kinapaswa kubaki mikononi mwake.

Mbali na vipimo, kuna maarifa machache ya gari husika yanayomlinda mwenye nalo. Injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, iliyofungwa katika magari mengi yanayoonekana katika barabara za Afrika Mashariki kama baadhi ya Probox na IST, hutumia mnyororo wa taimingi, wakati injini za zamani kidogo kama 5A-FE hutumia mkanda wa mpira ambao kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000; hivyo mwenye 1NZ-FE anayeambiwa kwamba mkanda wa taimingi umekwisha amepata taarifa kubwa kumhusu anayemwambia. Namba ya chesi, mfano NCP61 kwa IST ya lita 1.5, ndiyo inayotumika kutafuta kifaa sahihi katika orodha za mtengenezaji, na mwenye gari akiiweka pamoja na jina la injini katika simu yake huondoa mwanya mkubwa wa kuuziwa spea isiyo ya gari lake.

Kusoma makadirio ya bei

Makadirio ya kweli hutenganisha mambo matatu ambayo makadirio ya kuficha huyachanganya katika namba moja: bei ya vifaa, malipo ya ufundi na gharama za ziada kama oili, gundi na usafiri. Kwa kila kifaa inafaa itajwe daraja lake, kwa kuwa sokoni kuna spea halisi za mtengenezaji wa gari, spea mpya za kampuni nyingine, spea zilizotumika zilizong'olewa kwenye magari mengine, na spea bandia zinazovaa jina lisilo lao, na tofauti ya bei kati ya madaraja hayo inaweza kuwa ya mara kadhaa. Kuchagua spea iliyotumika si kosa, kwani kwa vifaa kama mlango au taa mara nyingi ni uamuzi wa busara. Kosa ni mteja kulipia daraja moja na kufungiwa jingine, na hali hiyo huzuiwa kwa kuandika daraja katika makadirio na kuona boksi na namba ya kifaa kabla hakijafungwa.

Malipo ya ufundi nayo yana misingi yake. Watengenezaji wa magari huweka muda wa kawaida wa kila kazi, na gereji kubwa huzidisha saa hizo kwa bei yake ya saa, wakati gereji za mitaani hutaja bei ya kazi nzima; kwa vyovyote vile mteja anaweza kuuliza kazi itachukua muda gani na kwa nini, na kupiga simu gereji mbili nyingine akitaja kazi ileile kwa maneno yaleyale. Ujuzi mdogo wa bei hubadilisha mengi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, ambao watafiti wake walipigia simu maelfu ya gereji kuuliza bei ya kubadilisha rejeta ya gari moja, ulionesha kwamba wanawake walioonekana kutojua bei walitajiwa bei ya juu kuliko wanaume, na kwamba tofauti hiyo ilitoweka mpigaji alipotaja bei aliyoitarajia. Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kuuliza mapema ni akiba.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa jicho pana ni nani ananufaika na ununuzi. Mwaka 1992 mamlaka za California ziliituhumu kampuni ya maduka ya Sears kwamba vituo vyake vya magari viliwauzia wateja kazi wasizozihitaji, baada ya wachunguzi kupeleka magari ambayo hali yake waliijua. Kiini cha shutuma kilikuwa mfumo wa kuwalipa wahudumu kamisheni na kuwawekea viwango vya mauzo, na kampuni, ingawa ilikana kukusudia udanganyifu, iliufuta mfumo huo. Katika mitaa ya Afrika Mashariki kishawishi hichohicho huitwa cha juu, yaani kiasi ambacho duka la spea humrudishia fundi aliyemleta mnunuzi, au ambacho fundi huongeza mwenyewe juu ya bei ya duka. Fundi anayetembea juani kutafuta kifaa sahihi anastahili kulipwa kwa usumbufu huo, lakini malipo yaliyo wazi kwenye makadirio hayamshawishi kuagiza kifaa kisichohitajika, wakati malipo yaliyofichwa ndani ya bei ya kifaa humfanya apate zaidi kila anapoagiza zaidi.

Makubaliano na sheria

Hatua zinazomlinda mteja ni chache na hazihitaji ugomvi. Makadirio yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Fundi asiongeze kazi kabla ya kupata idhini, hata akikuta tatizo jipya ndani. Vifaa vyote vya zamani virudishwe. Na baada ya kazi kipimo kilichothibitisha ubovu kirudiwe mbele ya mteja ili kithibitishe uzima, kwa sababu gari kuwaka ni dalili nzuri lakini volti zilizopanda au joto lililotulia baada ya mwendo wa nusu saa ni ushahidi. Kwa kazi kubwa, maoni ya fundi wa pili yana thamani zaidi yakitafutwa bila kumwambia kile ambacho wa kwanza alisema, maana mtu aliyekwisha kutajiwa jibu huelekea kulithibitisha.

Sheria nazo zimeyatambua mambo haya. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari, inayozungumzia makadirio kabla ya malipo, idhini ya mteja, urudishaji wa vifaa vilivyotolewa na dhamana ya kazi iliyofanyika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Wateja wengi hawazitumii sheria hizi kwa sababu hawana karatasi wala kifaa cha zamani cha kuonesha, na hivyo maandishi yaleyale yanayosaidia maelewano na fundi ndiyo yanayoweza kusimama kama ushahidi maelewano yakishindikana.

Haki ya fundi mkweli

Haki katika jambo hili ina pande mbili, na upande wa mteja una kasoro yake ambayo haisemwi mara nyingi: watu wengi hukubali kulipia kifaa lakini hukataa kulipia saa mbili za kutafuta chanzo, kwa kuwa huona kwamba fundi asiyebadilisha kitu hajafanya kazi. Desturi hiyo humwadhibu anayepima na kumtuza anayebahatisha, kwani fundi aliyegundua waya uliolegea na kuukaza huondoka na shukrani tupu, wakati jirani yake aliyeuza alteneta huondoka na faida. Mteja anayelipia utambuzi peke yake, kwa bei iliyokubaliwa kabla na bila sharti la kununua kitu, hutenganisha kupima na kutibu, na kwa kitendo hicho huondoa kiini cha tatizo ambalo wachumi walilieleza nusu karne iliyopita.

Ni vema pia kutambua alama za ukweli ambazo kwa haraka huonekana kama udhaifu. Fundi anayesema kwamba bado hajajua na anahitaji muda, anayetoa makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu huku akieleza kitakachoamua kati ya viwili hivyo, anayetenganisha kinachohusu usalama na kinachoweza kusubiri hadi mwezi ujao, au anayempeleka mteja kwa fundi wa umeme kwa sababu kazi si yake, anapoteza pesa ya leo ili kulinda neno lake. Kinyume chake, bei ya chini kupindukia, jibu la papo hapo na kujiamini kusikoyumba hakuthibitishi chochote, kwa sababu vyote hivyo mwongo anaweza kuvitoa bure.

Ubora wa ufundi katika nchi hizi utaamuliwa kwa sehemu kubwa na kile ambacho wateja wanakubali kukilipia. Kila mwenye gari anayelipia kipimo, anayeuliza kilionesha nini na anayerudi kwa yule aliyemjibu kwa ushahidi, anampa fundi wa namna hiyo uwezo wa kununua mita bora, geji ya mgandamizo na mashine inayofaa, na kumfundisha kijana anayejifunza chini yake kwamba kupima ni kazi inayolipa. Kwa njia hiyo swali linaloanza kwa ajili ya kulinda mfuko wa mtu mmoja huwasaidia wateja wote wanaofuata katika gereji hiyo, wakiwemo wale ambao hawatajua kuuliza.